Kukunja Wanyama wa Karatasi na Kuonyesha Kazi Ingali Mbichi

Usianze na simba. Picha ya simba aliyekunjwa kwa karatasi moja isiyokatwa, mwenye manyoya ya shingoni na makucha yanayoonekana, humtia mtu hamu ya kuketi papo hapo na kujaribu. Saa mbili baadaye karatasi imechoka, imepasuka tumboni, na aliyekuwa akiikunja ameshaamua kwamba origami ni kazi ya watu waliozaliwa na vidole vya aina yake. Si kweli. Simba wa namna hiyo anaweza kuwa na hatua zaidi ya mia, na anayemkunja vizuri alishawakunja ndege na sungura wengi mno kabla yake.

Mwongozo huu unaanza na korongo, unaingia kwa wanyama wa miguu minne, kisha unakaa kwa muda mrefu kwenye jambo ambalo vitabu vya origami hulipita mbio: namna ya kuwaonyesha wenzako kazi yako wakati bado haijasimama. Msimamo wangu nausema mapema. Onyesha mnyama aliyekwama kabla ya kuonyesha aliyekamilika, kwa sababu aliyeona ulipokwama ndiye anayeweza kukukwamua.

Karatasi

Karatasi ya kuanzia unayo tayari. A4 ya kawaida ya fotokopi, ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba, inatosha kwa korongo na kwa wanyama wengi wepesi. Ina milimita 210 kwa 297. Vuta kona moja ya juu hadi ukingo wa pili, kunja, kisha kata kile kipande cha milimita 87 kinachobaki. Hapo una mraba wa sentimita 21. Kata kwa wembe na rula ya chuma, maana mkasi huyumba. Usiuamini mraba huo kabla ya kuukagua: kunja ulalo mmoja uone kama kona mbili zinakutana sawasawa, kunjua, kunja ulalo wa pili, tazama tena. Kona zikipishana kwa milimita mbili hapa, kwenye kichwa cha ndege utapata midomo miwili. Wengi hawapendi kusikia hivi, lakini makosa mengi ya wanaoanza yamo kwenye mraba wenyewe, kabla hata ya mkunjo wa kwanza.

Karatasi maalumu za origami, zenye rangi upande mmoja na nyeupe upande wa pili, huuzwa zaidi kwa mraba wa sentimita 15. Rangi mbili humsaidia sana anayejifunza kwa sababu wakati wote anajua upande upi umegeukia wapi. Ukizikosa, karatasi nyembamba za kufungia zawadi zinafanya kazi hiyo hiyo. Lakini karatasi ninayoipigia debe mimi ni kaki, ile ya kufungia vifurushi na kutengenezea bahasha za ofisini. Nyuzi zake ni imara, inavumilia kukunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mahali pale pale, na rangi yake inamfaa swala, nyani na simba bila kupakwa chochote. Manila iache, ni nene mno. Kurasa zinazong'aa za majarida ziache pia. Rangi hupasuka kwenye mkunjo na kuacha mstari mweupe. Gazeti huchoka haraka, ila ni kubwa na halina gharama, kwa hiyo ni zuri kwa kujaribia umbo usilolijua.

Walio pwani, Tanga, Mombasa au Unguja, wana tatizo ambalo wa Nairobi au Arusha hawalijui sana: karatasi hunywa unyevu wa hewa, na mkunjo ulioukaza vizuri unajifungua wenyewe. Hifadhi karatasi zikiwa bapa katikati ya vitabu vizito, na unapokunja weka kitambaa kikavu karibu kwa ajili ya jasho la vidole.

Kunja mezani, si mapajani. Geuza karatasi ili kila mkunjo uende mbali nawe, kutoka chini kwenda juu. Kutanisha kona au kingo kwanza, zishikilie kwa mkono mmoja, ndipo ukaze kwa ukucha kuanzia katikati kwenda nje. Anayekaza kabla ya kukutanisha hurudia kazi.

Kusoma michoro

Mikunjo yote, hata ya mdudu mwenye miguu sita na papasio mbili, inatokana na miwili tu. Kuna bonde, ambapo mstari unazama na pande mbili za karatasi zinakuja kwako, na kuna mlima, ambapo mstari unainuka na pande mbili zinakukimbia. Kwenye michoro, bonde huchorwa kwa vistari vilivyokatikakatika, na mlima kwa vistari vinavyopishana na nukta. Mfumo huu ulitokana na kazi ya Akira Yoshizawa wa Japani (1911–2005), aliyeutumia kwenye kitabu chake cha mwaka 1954. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Samuel Randlett wa Marekani na Robert Harbin waliupanga upya na kuueneza. Harbin, kwa taarifa yako, alikuwa mfanya mazingaombwe maarufu mjini London, naye alizaliwa Afrika Kusini. Ni kwa sababu yao unaweza kufungua kitabu cha Kijapani bila kuijua herufi hata moja ya lugha hiyo, na ukamkunja sungura hadi mwisho.

Kanuni ya kusoma michoro ni moja, nayo haina mbadala: kabla ya kukunja hatua ya tano, tazama picha ya hatua ya sita. Mshale unakueleza cha kufanya, lakini picha inayofuata ndiyo inayokueleza kama umefanya. Mkunjaji anayesoma hatua moja moja bila kutazama mbele hugundua kosa akiwa amelizika chini ya matabaka manane.

Korongo kwanza

Korongo wa karatasi ni wa zamani. Kitabu cha origami ya burudani kinachohesabiwa kuwa cha kale zaidi, Hiden Senbazuru Orikata, kilichapishwa Kyoto mwaka 1797, nacho chote ni cha makorongo, wengine wakiwa wameunganishwa kwenye karatasi moja iliyochanwa kwa ustadi. Dunia ilimjua zaidi ndege huyu baada ya Sadako Sasaki, msichana wa Hiroshima aliyeugua saratani ya damu baada ya bomu la atomiki, akawa anakunja makorongo hospitalini hadi alipofariki mwaka 1955. Mimi ninampendekeza kwa sababu nyingine isiyo na huzuni: ndani yake mna karibu kila kitu utakachohitaji kwa wanyama wa mwaka wako wa kwanza.

Weka mraba upande mweupe ukiwa juu. Kunja katikati, ukingo kwa ukingo, kunjua; zungusha karatasi, kunja katikati kwa upande wa pili, kunjua. Una msalaba. Geuza upande wa rangi uwe juu, kunja ulalo mmoja, kunjua, kisha wa pili, kunjua. Mikunjo ya msalaba na ya ulalo sasa inaelekea pande tofauti, na ndiyo maana karatasi itakutii. Geuza tena upande mweupe uwe juu, kusanya kona zote nne zikutane juu ya kitovu, rangi ikibaki nje, kisha laza. Utapata mraba mdogo wenye tabaka mbili zinazofunguka kulia na mbili kushoto. Ukihesabu tatu upande mmoja na moja upande mwingine, hamisha moja.

Kitovu cha karatasi, yaani kona iliyofungwa, kiwe juu. Kona nne zilizo huru ziwe chini, zikielekea kwako. Kwenye tabaka la mbele tu, kunja kingo mbili za chini, ya kulia na ya kushoto, zilale kwenye mstari wa katikati. Kunja pembetatu iliyobaki juu ishuke mbele. Kisha kunjua vyote vitatu. Sasa shika ile kona ya chini, tabaka moja tu, uinue iende juu kadiri mkunjo wa mlalo unavyoruhusu. Ubavu wa kulia na wa kushoto utavutwa kuelekea katikati. Hapa ndipo wengi hukwama, na sababu inafahamika: mikunjo miwili ya pembeni kwenye tabaka unaloinua ilikuwa mabonde, na sasa lazima iwe milima. Usiilazimishe kwa nguvu. Ilegeze kwa vidole, iambie kwa ukucha igeuke upande wa pili, nayo itageuka. Laza, geuza, fanya vile vile nyuma.

Ulichonacho sasa ni msingi wa ndege: umbo refu jembamba, ncha mbili zikitazama juu, nyingine mbili chini zikitenganishwa na mpasuko. Kunja kingo za zile ncha za chini kuelekea mstari wa katikati, mbele na nyuma, ili ziwe nyembamba. Fungua kidogo ubavu wa ncha moja, isukume ipande juu kati ya matabaka, laza. Huo huitwa mkunjo wa kugeuza ndani, nao utakufuata maisha yako yote ya origami. Fanya hivyo kwa ncha ya pili. Moja ni shingo, nyingine mkia. Kwenye shingo, geuza ncha yake ndani kwa njia hiyo hiyo upate kichwa. Shusha mabawa na kuyavuta taratibu pande mbili, mgongo ujae.

Sasa mkague. Mkia una ncha moja au mbili? Mabawa yanalingana? Mpasuko wa chini umeonyesha weupe? Rudia kwa karatasi nyingine hadi majibu yawe mazuri, kisha punguza ukubwa: sentimita 15, halafu nusu yake. Karatasi ndogo haisamehe, na ndiyo sababu ya kuitumia.

Kidokezo kimoja kabla hatujaondoka hapa: kabla ya mkunjo wa kwanza, andika kwa penseli tarehe na aina ya karatasi kwenye upande mweupe, katikati. Maandishi yatazama ndani ya mnyama. Miezi kadhaa baadaye, ukitaka kujua ulikuwa unakosea wapi, mkunjue.

Miguu minne ni hesabu

Baada ya korongo, mtu huuliza kwa haki kabisa: mbona swala ni mgumu kiasi hiki, na wote wametoka kwenye mraba mmoja? Jibu zuri zaidi lilitolewa na wabunifu wa miaka ya mwisho ya karne ya 20, na Robert Lang, mwanafizikia wa leza wa Marekani aliyeacha ajira akawa mkunjaji wa kudumu, amelieleza kwa upana kwenye kitabu chake cha mwaka 2003, Origami Design Secrets.

Chukua ncha yoyote ya mnyama: mguu, pembe, sikio. Mkunjue mnyama na utafute karatasi iliyotumika kuitengeneza ncha hiyo. Utakuta inahitaji duara ambalo nusu kipenyo chake ni urefu wa ncha yenyewe. Ncha ikitoka kwenye kona ya mraba, inahitaji robo tu ya duara, kwa kuwa sehemu nyingine ya duara iko nje ya karatasi. Ikitoka kwenye ukingo, inahitaji nusu. Ikitoka katikati, inahitaji duara zima. Na maduara hayaruhusiwi kupandana.

Sasa hesabu. Korongo ana ncha nne ndefu, na mraba una kona nne, wamefaana. Swala ana miguu minne, kichwa, mkia, pembe mbili na masikio mawili. Hizo ni ncha kumi. Kona zinatoa nne za bei rahisi, na sita zilizobaki zinagombania kingo na katikati, kila moja ikidai eneo lake. Matokeo yake swala anatoka mdogo na mnene, matabaka yamerundikana nyongani, na karatasi ya A4 inaanza kulalamika. Ukilijua hili, hutajilaumu bure mnyama anapogoma kusimama. Utatafuta karatasi kubwa zaidi na nyembamba zaidi.

Mfano ulio wazi ni ule wa mwaka 2014, Sipho Mabona, msanii wa Uswisi mwenye asili ya Afrika Kusini, alipomkunja tembo wa ukubwa halisi huko Beromünster, Uswisi. Karatasi ilikuwa moja, mita 15 kwa 15. Tembo alizidi kidogo mita 3 kwa urefu. Yaani mnyama alibaki na takriban sehemu moja ya tano ya upande wa karatasi. Chukua kipimo hicho nyumbani: tembo wa namna ile kwa mraba wa sentimita 21 atakuwa na urefu wa sentimita 4 hivi, na mkonga wake utakuwa mnene kama njiti ya kiberiti. Ukitaka tembo wa kuweka juu ya kabati, anza na kaki ya sentimita 50.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kitabu ninachokipenda ni African Animals in Origami cha John Montroll, kilichotoka mwaka 1991. Montroll anashikilia masharti ya mraba mmoja bila kukata, na michoro yake ni safi. Usimalize kitabu. Chagua mnyama mmoja na uishi naye wiki nzima. Ningekushauri uende kwa wenye mwili mzito na ncha fupi kwanza, kama kiboko, maana ncha fupi zinahitaji maduara madogo na karatasi inabaki na nafasi. Twiga ni mtego: anaonekana rahisi kwa kuwa ni mwembamba, lakini shingo ile na miguu ile mirefu inadai karatasi nyingi kuliko kiboko mzima.

Wapo pia wanaokunja nusu ya mbele kwa karatasi moja na nusu ya nyuma kwa nyingine, kisha wakaziunganisha. Vitabu vingi vya zamani vina wanyama wa hivyo. Hakuna haramu. Washabiki wa karatasi moja watakutazama kwa jicho la pembeni, waache.

Ukitaka mnyama asiye bapa, mwenye mashavu na mgongo wa mviringo, itabidi ujifunze kukunja kwa maji, mbinu ya Yoshizawa huyo huyo. Karatasi iwe nene kidogo na yenye gundi ndani yake. Ipitishe kitambaa chenye unyevu, si maji yanayochuruzika, ilegee kama ngozi. Kunja, finyanga kwa vidole, acha ikauke ikiwa imeshikwa. Ikikauka inabaki hivyo. Mfaransa Eric Joisel, aliyefariki mwaka 2010, aliitumia mbinu hii hadi karatasi ikawa kama sanamu, na kakakuona wake mwenye magamba ni kazi ya kumtafuta mtu akuonyeshe picha yake.

Kuonyesha kazi mbichi

Sasa tuje kwa wenzako. Wanaweza kuwa watatu mnaokutana maktaba Jumamosi, darasa zima la shule, au kundi la simu lenye watu wa miji tofauti. Kinachoharibu makundi haya ni kile kile kila mahali: kila mtu anasubiri mpaka awe na kitu cha kujivunia. Wiki inapita kimya, mmoja anatuma dragoni wa ajabu, wengine wanaandika “hongera”, na aliyekwama kwenye msingi wa ndege anaona aibu kuuliza. Kundi la namna hiyo hufa.

Kwa hiyo wewe tuma kilichokwama. Lakini kitume vizuri, kwa sababu picha ya karatasi iliyofinyangwa na maneno “msaada jamani” haimsaidii yeyote. Taja mnyama, jina la mbunifu, ukubwa na aina ya karatasi, na namba ya hatua. Piga picha mbili: hatua ya mwisho uliyo na uhakika nayo, mbele na nyuma, kisha pale ulipopotea. Ukiandika, “Kiboko, kaki ya sentimita 30, hatua ya 17 iko sawa, ya 18 matabaka mawili yanakataa kufunguka upande wa kushoto,” anayejua atakujibu kwa sentensi moja. Mara nyingi kosa liko hatua mbili au tatu nyuma ya pale unapodhani, ndiyo maana picha ya ile hatua nzuri ni muhimu kuliko ya ile mbaya.

Picha yenyewe haihitaji kamera ya gharama. Taa au dirisha liwe ubavuni, si nyuma yako, ili mikunjo itupe kivuli na kuonekana. Chini weka karatasi au kitambaa cha rangi moja, tofauti na ya mnyama. Kanga na vitenge ni vizuri lakini si hapa, maua yake yanameza kila mkunjo. Shusha simu iwe sawa na macho ya mnyama, la sivyo kila kiumbe utakachokunja kitaonekana kama kimekanyagwa. Weka sarafu au rula pembeni ili watu wajue ukubwa.

Kuna picha moja ambayo wachache huituma na inafundisha kuliko zote. Mnyama akishaharibika kabisa, kunjua karatasi yote, iweke karibu na dirisha mwanga uipige kwa upande, na uipige picha. Utaona ramani nzima ya mikunjo: wapi ulikaza mara mbili, wapi mstari uliotakiwa kupita kitovuni umekwepa. Wenzako wenye uzoefu wataisoma ramani hiyo haraka kuliko maelezo yoyote utakayoandika. Ilinganishe na ramani ya mwenzako aliyefanikiwa, karatasi kwa karatasi.

Kuhusu kutoa maoni, sisi tuna adabu inayotuponza. Kumwambia mtu mzima kwamba kifaru wake amepinda tunaona ni kumvunjia heshima, basi tunasifu na kunyamaza. Njia ya katikati ipo: uliza kwanza, “Unataka maoni au unatuonyesha tu?” Akitaka maoni, sema kitu kimoja kinachoweza kurekebishwa, na ukitaje kwa hatua: “Naona miguu ya nyuma inatofautiana, kagua ule mkunjo wa hatua ya 9 kama ulifika kwenye mstari.” Mambo sita kwa mpigo humkatisha mtu tamaa. Na kama amesema anaonyesha tu, msifu, umwache.

Mkikutana ana kwa ana, anayefundisha akunje karatasi kubwa, hata gazeti lililokatwa mraba, na aketi upande mmoja na wanafunzi, si mkabala nao, ili kulia kwake kuwe kulia kwao. Sharti ambalo wakunjaji wazoefu hulizingatia sana: usiguse karatasi ya mwenzako. Mikono itawasha, hasa mbele ya mtoto anayehangaika, lakini ukimkunjia hatua moja umemnyang'anya hatua hiyo. Chukua karatasi yako, kunja mbele yake, kunjua, kunja tena. Subiri.

Na kuna haki za watu. Kila mnyama wa kisasa ana mbunifu, na mkunjaji ni mtu mwingine. Taja wote wawili unapoonyesha picha, kama vile mwimbaji na mtunzi. Korongo na wengine wa jadi hawana mwenyewe, kunja na ugawe utakavyo. Lakini kurasa za kitabu kinachouzwa usizipige picha ukazisambaza kundini, hata kwa nia njema. Wabunifu wengi wanaishi kwa vitabu hivyo. Ukitaka kuuza wanyama uliowakunja, au kuwatumia kwenye tangazo la biashara, muombe mbunifu ruhusa kwa maandishi. Wengi hujibu, na wengine hukubali bila masharti mazito.

Mwisho, kundi lenu liwe na mnyama mmoja wa pamoja kila mwezi. Wote mkunje yule yule, kila mtu kwa karatasi aliyonayo, na kila mtu alete na moja aliyoiharibu. Ukiweka mezani viboko saba wa mbunifu mmoja waliokunjwa na watu saba, utaona mambo ambayo huwezi kuyaona kwa kukunja viboko saba peke yako: huyu anakaza mno, yule anaogopa kukaza, wa tatu karatasi yake ilikuwa nene, na mmoja amebadilisha kichwa bila kukusudia kikawa kizuri kuliko cha kitabuni.

Kama bado huna wa kukunja naye, kuna kisingizio kizuri cha kuwaita watu. Wakunjaji duniani huadhimisha siku za origami kuanzia tarehe 24 Oktoba, siku aliyozaliwa Lillian Oppenheimer, mwanamke aliyeanzisha kituo cha origami mjini New York mwaka 1958, hadi 11 Novemba, siku ya origami nchini Japani. Kata miraba ishirini ya sentimita 21, tafuta meza moja kubwa, waalike majirani na watoto wao, na uanze na korongo.